Warsha ya afya chuoni ikiisha, ni nani atakuona Jumatatu?

*Hema, spika na fulana za bure huvuta umati. Lakini kwa mwanafunzi anayetoka Butali akiwa amebeba matumaini ya boma zima, kipimo cha warsha ni kile kinachobaki hema likishang'olewa.*

Ukisimama kando ya barabara ya Kakamega–Webuye pale Butali asubuhi, utaona safari mbili zikipishana. Trekta na malori ya miwa yanaelekea viwandani, na matatu za Kakamega zinaita abiria, wakiwemo vijana wenye mikoba ya vitabu mgongoni. Barabara hiyo hiyo ndiyo inayopita kwenye lango la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro (MMUST), kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2007. Kwa kijana wa Kabras, chuo kikuu si kitu cha kuonwa kwenye runinga tu. Ni nauli ya matatu moja.

Na ukishaingia chuoni, iwe ni MMUST au kwingineko nchini, ni vigumu kumaliza mwaka bila kukutana na tangazo la warsha ya afya. Unajua zinavyokwenda. Hema jeupe linasimamishwa uwanjani. Didijei anapiga ngoma mbili tatu kuita watu. Kuna meza ya kupima presha, meza ya kupima virusi vya Ukimwi na meza ya kondomu ambayo kila mtu anaipita akiangalia kando kisha anairudia baadaye. Mgeni wa heshima anafika akiwa amechelewa. Anazungumzia “afya ya akili” kwa muda wa saa nzima. Watu wanapiga makofi, wanapiga picha, wanachukua soda na fulana. Jioni hema linang'olewa.

Hakuna ubaya hapo. Mtu anayejua presha yake ni bora kuliko asiyejua. Tatizo huja siku tatu baadaye, saa nane za usiku, kwenye keja ya Lurambi au Kefinco, wakati komredi amelala macho wazi na hajui ampigie nani. Aliambiwa “usinyamaze, zungumza.” Hakuambiwa azungumze na nani, mlango gani, saa ngapi, na kama atalipishwa.

Hilo ndilo swali ambalo kila warsha ya afya inafaa kulijibu kabla ya spika kuzimwa.

Zilianza na Ukimwi

Ili kuelewa kwa nini warsha hizi zina sura hii, rudi nyuma kidogo. Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Wakati huo vyuo vikuu vilikuwa vinazika wanafunzi na wahadhiri, na ilikuwa aibu kutaja kilichowaua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa miongoni mwa waliobeba kampeni ya waelimishaji rika: kijana akimfundisha kijana mwenzake kuhusu ngono salama, kupima na kuishi na virusi. Shirika la I Choose Life – Africa lilichipuka katika mazingira hayo.

Mtindo huo ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja kulikuwa na mazungumzo. Upande wa pili kulikuwa na huduma: vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, na baadaye dawa za kupunguza makali ya virusi zikawa za bure katika hospitali za umma. Ukishashawishika, kulikuwa na pa kwenda. Mwaka wa 2017 Kenya ikaongeza vitu viwili: tembe za PrEP kwa mtu ambaye hajaambukizwa lakini yuko katika hatari, na vifaa vya kujipima mwenyewe virusi vya Ukimwi.

Sasa mada zimebadilika. Mabango ya siku hizi yanataja mfadhaiko, dawa za kulevya, kamari, dhuluma za kimapenzi na kujitoa uhai. Mazungumzo yapo. Upande wa pili, ule wa huduma, ndio unaochechemea. Kwingi chumba cha ushauri nasaha ni kimoja, mshauri ni mmoja au wawili, na wanafunzi ni maelfu.

Mzigo unaopanda matatu na wewe

Warsha nyingi huzungumza na mwanafunzi kana kwamba ameshuka kutoka angani. Lakini kijana wa Butali anafika chuoni na boma lake mgongoni.

Huku ni nchi ya miwa. West Kenya, watengenezaji wa Kabras Sugar, na Butali Sugar Mills ni majirani, na kwa familia nyingi miwa ndiyo karo. Lakini muwa si mahindi. Unaupanda, unaungoja kama miezi 18, halafu unangoja tena kiwanda kije kuuvuna, halafu unangoja malipo. Chuo hakingoji. Tarehe ya mwisho ya kulipa karo inafika wakati miwa ya baba bado imesimama shambani. Mwanafunzi anaketi darasani akisikia habari za “kujitunza”, kichwani anapiga hesabu ya tani.

Ongeza hapo HELB inayochelewa. Ongeza mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, unaopanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia, ambao uliwaacha wengi wakilalamika kwamba wamewekwa kundi lisilo lao. Ongeza kodi ya nyumba. Ongeza wadogo zako wanaokuona kama benki ndogo kwa sababu “wewe uko chuo.” Kuna komredi anayekula mlo mmoja kwa siku, chapo na madondo saa tisa alasiri, ili uhesabiwe chamcha na chajio kwa pamoja. Huyo ukimwambia ale mboga za rangi tano, atakucheka. Ana haki.

Kisha kuna simu. Mtu aliyeishiwa pesa ndiye wa kwanza kushawishika kwamba shilingi 50 za kubashiri zitageuka 5,000. Zikienda, anaweka 100 kurudisha 50. HELB ikiingia, nusu inayeyuka kabla ya Ijumaa. Mtu huyu hatajitokeza warshani kusema ana tatizo la kamari, kwa sababu mwenyewe anaamini ana tatizo la pesa tu.

Na nyumbani, lugha ni nyingine. Hakuna mama wa Kabras atakayekuambia mwanawe ana tatizo lenye jina la kitabuni. Atasema mtoto amenyamaza sana siku hizi, hali vizuri, usingizi umemkataa. Mwanafunzi naye anasema “nimechoka tu.” Warsha inayotumia maneno ya kitabu pekee inawapita watu hawa wawili. Mzungumzaji mzuri huanza na maneno wanayoyatumia, kisha akawapa jina la kitaalamu kama ufunguo wa kufungulia mlango wa kliniki.

Wiki mbili, maswali 9

Ni nini basi unachofaa kutoka nacho kwenye kikao cha afya ya akili? Kwanza, namna ya kutofautisha huzuni ya kawaida na mfadhaiko unaohitaji matibabu. Kufeli mtihani kunauma. Kuachwa kunauma. Hiyo si ugonjwa. Wahudumu wa afya hutumia kipimo cha muda: kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekosa furaha au hamu ya vitu ulivyovipenda, na hali hiyo inakuzuia kusoma, kula, kulala au kuwa na watu, nenda ukaonwe. Kuna dodoso fupi la maswali 9, linaloitwa PHQ-9, ambalo linauliza hasa kuhusu wiki hizo mbili. Halikupi hukumu ya mwisho, lakini linampa mhudumu pa kuanzia. Warsha yenye meza ya presha inaweza pia kuwa na meza ya maswali haya, mradi pawe na faragha na mtu wa kumpokea atakayepata alama za juu.

Pili, namna ya kumsaidia rafiki anayetaka kufa. Tuliseme wazi, kwa sababu kulizunguka hakumsaidii yeyote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya watu 720,000 hujitoa uhai kila mwaka duniani, na miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha tatu cha vifo. Wengi wetu tunaogopa kumuuliza mtu moja kwa moja tukidhani tutampandia wazo hilo kichwani. Sivyo. Wataalamu wanasema kumuuliza kwa upole, “Je, umekuwa ukifikiria kujiua?” hakumsukumi. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua.

Akikwambia ndiyo, usimhubirie wala usimwambie kuna wenye shida kubwa kuliko zake. Usikubali kuifanya siri yenu wawili. Kaa naye. Ondoa karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Mpigie mtu mzima anayeaminika, piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au mpeleke hospitali iliyo karibu. Msindikize mpaka ndani. Kumwambia tu “nenda ukaonwe” ni kumwachia kazi ngumu zaidi akiwa na nguvu kidogo zaidi.

Sheria iliyowaziba watu midomo

Kuna sababu nyingine ya watu kunyamaza, na warsha nyingi huisahau. Kwa miongo mingi, kujaribu kujitoa uhai kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimweka aliyenusurika katika hatari ya kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi. Ukisema ukweli hospitalini, unaweza kutoka wodini ukaingia seli. Wazazi waliambia majirani kwamba mtoto alikula kitu kibaya. Marafiki walifunga midomo.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na daktari wa akili Frank Njenga, lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho kutilia mkazo haki za wagonjwa. Kisha Januari 9, 2025, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili nchini, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba.

Uamuzi huo unafaa kusomwa kwa sauti katika kila hema la warsha ya afya nchini. Kuna komredi ambaye hadi leo anaogopa kituo cha polisi kuliko anavyoogopa mawazo yake mwenyewe. Anahitaji kusikia kwamba akienda hospitali, anakwenda kama mgonjwa.

Saa 72

Tutoke kwenye akili twende kwenye mwili, kwa sababu huko nako kuna mambo yanayosemwa nusu nusu.

Kumbuka namba hii: 72. Ukibakwa, au kondomu ikipasuka na hujui hali ya mwenzako, kuna dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza nafasi yako. Zinamezwa kila siku kwa siku 28. PEP ni ya baada ya tukio. PrEP ni ya kabla. Wengi huchanganya hizi mbili.

Tembe za dharura za kuzuia mimba, zile wasichana huziita P2, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa mapema ndani ya saa hizo 72. Lakini hazizuii Ukimwi, hazizuii kisonono, na hazikuundwa ziwe njia ya kila wikendi. Ukijikuta unazinunua kila mara, kliniki ina njia nyingine za upangaji uzazi za kukufaa. Na wavulana, msiondoke aya hii. Mimba ya chuoni humsimamisha masomo msichana wakati mvulana anaendelea na mitihani. Hilo ni jambo lenu pia.

Kwa aliyebakwa, usioge kwanza, usifue nguo, nenda hospitali moja kwa moja. Matibabu yanakuja kabla ya taarifa ya polisi, na hospitali haifai kukurudisha eti huna fomu. Laini ya 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia bila malipo.

Kuna suala jingine linalotuhusu sana sisi wa magharibi mwa Kenya, na ni nadra kulisikia warshani: selimundu. Ukanda huu una malaria nyingi tangu jadi, na jeni ya selimundu imeenea huku kwa sababu mtu aliyebeba nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anaitwa AS, na kwa kawaida hana dalili. Lakini AS akizaa na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Wapenzi wa chuoni hupima virusi vya Ukimwi pamoja, jambo jema. Wachache huulizana kuhusu selimundu. Kipimo cha damu kinajibu swali hilo mara moja kwa maisha yote, na hapa kwetu kingefaa kuwa kwenye meza ya kwanza.

Sukari na uwanja

Haingekuwa haki kuandika kuhusu afya Butali bila kutaja sukari. Inatulipia karo, lakini mwilini ina kipimo. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwenye chakula kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vidogo. Soda ya nusu lita hubeba karibu gramu 50. Yaani ile soda uliyopewa warshani baada ya mhadhara wa kisukari imekupitisha kipimo hicho mara mbili. Waandaaji, maji na ndizi hugharimu kidogo zaidi, na havimfanyi msemaji aonekane mwongo.

Mazoezi hayahitaji jimu ya kulipia. Kipimo cha WHO kwa watu wazima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi. Anayetembea kutoka keja hadi darasani na kurudi kila siku huenda ameshafika nusu ya safari. Na Kabras haina upungufu wa mifano. Jina la miwa yetu liko kifuani mwa Kabras Sugar, klabu ya raga iliyotwaa Kenya Cup kwa mara ya kwanza 2016, na Butali Warriors ni jina linaloheshimiwa katika magongo nchini. Si lazima uwe wa kiwango hicho. Kuwa kwenye timu, hata ya mtaa, hukupa watu ambao wataona siku usipofika mazoezini. Kwa mtu anayejitenga kwa sababu ya mawazo, kuonwa hivyo kunaweza kumwokoa.

Usingizi nao usiudharau. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Kukesha usiku mzima kabla ya mtihani kunachosha kumbukumbu ile ile unayoitegemea asubuhi. Ukikosa usingizi kwa wiki nzima bila sababu, hiyo ni habari ya kumpa daktari, si ya kuficha kwa kinywaji cha kuongeza nguvu.

Vikao vinne badala ya tamasha moja

Je, kuna njia bora ya kufanya mambo haya bila bajeti ya serikali kuu? Ipo, na si ya kubahatisha.

Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alikabiliwa na tatizo tunalolijua: wagonjwa wengi, wataalamu wachache. Akawafunza akina nyanya wa mitaani namna ya kusikiliza na kumwongoza mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Mradi huo wa benchi ya urafiki ulifanyiwa utafiti wa kisayansi uliochapishwa 2016, na ukaonyesha kwamba walioketi na nyanya hao walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida.

Hapa Kenya tunayo Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn. Jina linajieleza. Wao hutumia vijana waliomaliza shule ya upili karibuni, wakawapa mafunzo mafupi, kisha wakawapeleka kwa wanafunzi wa sekondari kuongoza vikundi vidogo. Kikundi hukutana mara nne, wiki kwa wiki, saa moja kila mara. Humo hakuna mhadhara kuhusu ugonjwa. Wanazungumza kuhusu namna mtu anavyoweza kukua na kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo anayoyathamini maishani. Utafiti wao uliohusisha wanafunzi zaidi ya 400, uliochapishwa 2021, ulionyesha dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma.

Angalia kilichofanya kazi katika mifano yote miwili. Ni watu wale wale, wakirudi siku ile ile, mahali pale pale. Aliyeshindwa kusema wiki ya kwanza hupata nafasi wiki ya tatu. MMUST ina shule za uuguzi na afya ya umma. Vyuo vya kiufundi kama Shamberere, upande huu wa Malava, vina vijana wa rika hilo hilo. Nguvu kazi ipo. Fedha za hema, didijei na fulana za siku moja zinaweza kulipia nauli ya waelimishaji rika kwa muhula mzima.

Maswali ya kumuuliza mwandaaji

Safari ijayo ukialikwa kwenye warsha ya afya, nenda. Chukua fulana, pima presha, pima virusi. Lakini maikrofoni ikipita, inyakue na uulize:

Mosi, nikihitaji mshauri kesho asubuhi, ni mlango gani na unafunguliwa saa ngapi?

Pili, nikienda huko, ni nani mwingine atajua? Faili yangu husomwa na nani?

Tatu, kama sina pesa, nitahudumiwa? Hapa jibu lina sehemu unayoweza kujifanyia leo. Tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Usajili wa SHA ni bure kwa kupiga *147#, na aliyesajiliwa hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila kulipa. Kulazwa hospitalini ndiko kunakohitaji michango iwe imelipwa. Jisajili ukiwa mzima. Foleni ya dharura si mahali pa kuanza kutafuta kitambulisho.

Nne, tatizo langu likizidi uwezo wa kliniki ya chuo, mtanituma wapi? Kwa aliye Kakamega mjini kuna hospitali kuu ya rufaa ya kaunti; kwa aliye nyumbani Butali, hospitali ya Malava ndiyo jirani. Mwandaaji anafaa kujua atakayekupokea huko.

Tano, mtarudi lini? Kama jibu ni “mwaka ujao”, basi nyinyi wenyewe unganeni watu sita, mchague siku na saa, muwe mnakutana.

Na kuna walio nje ya lango. Butali ina vijana wengi ambao hawako chuoni: wa boda, wa kukata miwa, wa maduka, waliokosa karo wakarudi nyumbani wakiwa mwaka wa pili. Hao hawapati hema wala didijei, na mzigo wao si mwepesi. Kama wewe ni komredi na umetoka warshani ukiwa umejifunza kuhusu saa 72, selimundu au wiki mbili za mfadhaiko, likizoni waambie vijana wa stendi na wa uwanjani. Waambie kwa lugha ya nyumbani. Uelimishaji rika ulianza hivyo hivyo, kijana mmoja akimwambia mwenzake.

Kabla hujafunga ukurasa huu, hifadhi namba tatu kwenye simu yako. Zote ni za bure. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, kwa ushauri nasaha. 1192 ni ya NACADA, kwa tatizo la pombe na dawa za kulevya. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Zihifadhi kwa jina utakaloliona haraka saa nane za usiku. Huenda wewe usizihitaji kamwe, lakini mtu wa keja ya pili akaja kukugongea.